Sekunde 11, Miaka 65: Rekodi za Muziki Uliopotea na Mashabiki Waliourudisha

Kitengela ni mji wa watu waliohamia. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya wakazi 150,000 mahali ambapo miaka ya 60 palikuwa malisho ya Wamaasai wa Kaputiei, na hao waliokuja hawakuja mikono mitupu. Walimu wastaafu, makarani wa serikali na wafanyakazi wa viwanda vya Athi River walinunua ploti, wakajenga, wakahamisha vyombo. Katika kila uhamisho kuna sanduku moja ambalo husukumwa chini ya kitanda na kusahauliwa. Ndani mna picha, barua, santuri bila jalada, kaseti, pengine na kopo la bati lenye filamu nyembamba ya milimita 8.

Makala haya ni kwa ajili ya sanduku hilo. Duniani kote wapo mashabiki ambao kazi yao ya jioni na ya wikendi ni kutafuta picha na sauti za maonyesho ya muziki ya miaka ya 60 yaliyodhaniwa kupotea. Yalipotea kwa sababu za kawaida kabisa. Mkanda wa video wa zama hizo ulikuwa na upana wa inchi 2, mzito na ghali, kwa hiyo kituo cha televisheni kikishaonyesha kipindi kilifuta mkanda na kurekodi kingine juu yake. Redio nazo zilifanya vivyo hivyo. Filamu zilitupwa ili kupata nafasi kwenye rafu. Muziki wa vijana ulionekana kuwa jambo la kupita, na jambo la kupita halikupangiwa kabati.

Zifuatazo ni rekodi za utafutaji huo, kwa kadiri ninavyozijua: fupi kuliko zote, ndefu kuliko zote, ya mbali kuliko zote. Nimechanganya za kwao na za kwetu, kwa sababu zote zinathibitisha jambo moja ninaloliamini kwa dhati: mara nyingi aliyeokoa muziki hakuwa ofisi wala kampuni, alikuwa mtu mmoja aliyeupenda.

Fupi kuliko zote: sekunde 11

Tarehe 16 Juni 1966, Beatles waliingia wenyewe katika studio ya BBC jijini London kutumbuiza katika kipindi cha Top of the Pops. Hiyo ndiyo mara pekee waliyoonekana moja kwa moja hewani katika kipindi hicho, na nyimbo zilikuwa "Paperback Writer" na "Rain". Baadaye mkanda ukafutwa. Bendi iliyokuwa maarufu kuliko zote duniani ilifutwa na watu waliokuwa wakibana matumizi ya mikanda.

Zaidi ya miaka 50 ikapita. Mwaka 2019 kikajitokeza kipande cha filamu cha sekunde 11, hakina sauti, kimepigwa nyumbani na mtu aliyeelekeza kamera yake ya milimita 8 kwenye kioo cha televisheni. Picha inatetemeka, haina rangi, lakini ni wao. Habari zilipoenea, mtu mwingine akajitokeza na kipande chake cha sekunde 92, alichokipiga siku ileile akiwa mwanafunzi, kwa kamera ya kutia ufunguo.

Hapo ndipo penye funzo la kwanza. Kipande cha pili kilikuwa salama miaka yote hiyo, ila mwenyewe hakujua kwamba kuna watu wanakililia. Kilichopatikana kwanza ndicho kilichokiita cha pili. Ndiyo maana mashabiki hawachoki kutangaza wanachokitafuta.

Umati mkubwa zaidi, na mkanda ulioisha kabla ya wimbo

Tarehe 15 Agosti 1965 Beatles walivunja rekodi ya watazamaji wa onyesho la muziki wa pop wa wakati huo: watu 55,600 katika uwanja wa Shea, New York. Onyesho hilo lilipigwa filamu na kamera zaidi ya kumi, likaonyeshwa kwenye televisheni, na leo hakuna haja ya kulitafuta.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 29 Agosti 1966, walipanda jukwaa la Candlestick Park, San Francisco. Watu walikuwa takriban 25,000, viti vingi vikabaki vitupu. Hilo likawa onyesho lao la mwisho la kulipiwa tiketi, ingawa watazamaji hawakujua. Paul McCartney alimwomba msemaji wa bendi, Tony Barrow, arekodi kwa kaseti ndogo ya mkononi. Barrow akasimama uwanjani akiinua kipaza sauti juu. Kila upande wa kaseti ulikuwa wa dakika 30, na onyesho likazidi kidogo. Wimbo wa mwisho, "Long Tall Sally", ulipoanza, mkanda ukaisha. Mwisho wa maonyesho ya Beatles umekatika katikati ya wimbo, na hakuna mtu awezaye kuumalizia.

Kwa mpenzi wa muziki, mkanda huo uliokatika una thamani kuliko filamu nzima ya Shea. Ile ya Shea ilifanywa na watu waliolipwa. Huu ni wa mtu mmoja na kitufe kimoja, na usingekuwepo huenda tusingekuwa na sauti ya usiku huo.

Iliyolala muda mrefu zaidi ikiwa nzima

Kiangazi cha 1969, wakati dunia ikizungumzia Woodstock, kulikuwa na tamasha jingine mjini New York, katika bustani ya Harlem ambayo leo inaitwa Marcus Garvey. Lilifanyika Jumapili sita na kuvuta watu wapatao 300,000 kwa jumla. Waliotumbuiza ni pamoja na Stevie Wonder, Nina Simone, Mahalia Jackson, B.B. King, Sly and the Family Stone, na Mwafrika Kusini Hugh Masekela na tarumbeta yake.

Mtayarishaji wa televisheni Hal Tulchin alirekodi takriban saa 40 za tamasha hilo. Alijaribu kuziuza, akakosa mnunuzi wa kuzitoa kwa ukamilifu wake. Mikanda ikakaa kwake kwa miongo. Tulchin alifariki mwaka 2017, na filamu iliyotokana na kazi yake, "Summer of Soul" ya Questlove, ikatoka mwaka 2021 na kushinda Oscar mwaka uliofuata. Ni miaka 52 tangu kamera zizimwe.

Tamasha hili halikupotea hata siku moja. Lilikuwa na lebo, lilikuwa na mwenyewe, lilijulikana lilipo. Kilichokosekana ni mtu mwenye pesa aliyeamini kwamba muziki wa watu weusi wa Harlem unastahili kuonekana. Tukumbuke hilo tunapozungumzia ya kwetu.

Iliyochukua muda mrefu zaidi kurudi nyumbani: miaka 65

Rekodi hii inashikiliwa na Kenya, na ni ya kabla ya miaka ya 60. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika na mitambo yake ya kurekodi, alifika Kapkatet katika nchi ya Wakipsigis. Huko akarekodi wasichana wakiimba kuhusu "Chemirocha". Jina hilo lilikuwa la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika vijijini pamoja na gramafoni. Jina likageuka kwa ulimi wa Kikipsigis, na mwenye jina akageuka pia: katika wimbo ule ni kiumbe nusu mtu nusu swala, anayeombwa acheze.

Mikanda ya Tracey ilihifadhiwa Afrika Kusini, katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Kiafrika aliyoianzisha mwaka 1954. Wimbo ukasikika duniani, ukaingia katika makusanyo ya wapenzi wa muziki wa mbali, lakini Kapkatet haukurudi. Mwaka 2015 maktaba hiyo, pamoja na mradi wa Singing Wells na Ketebul Music ya Nairobi, iliyoasisiwa na Tabu Osusa, ikazirudisha nyimbo mahali zilipoimbwa. Walimkuta mzee aliyekuwa mmoja wa wanamuziki waliorekodiwa na Tracey. Akasikia sauti yake ya ujanani.

Miaka 65! Ukilinganisha na 52 ya Harlem, Kapkatet ndiyo inayoongoza. Na ukitaka kujua kwa nini kazi hii haiwezi kungoja, fikiria hesabu hiyo: aliyeimba akiwa na miaka 20 alikuwa na 85 wimbo ulipomfikia. Miaka michache zaidi na wangewakuta wajukuu tu.

Wimbo wa Nairobi uliotembea mbali zaidi

Hapa hakuna mashindano. Mwanzoni mwa miaka ya 60 Fadhili William, kijana mwenye asili ya Taita, alirekodi "Malaika" akiwa na Jambo Boys. Wimbo ukatolewa na Equator Sound Studios ya Nairobi, iliyoendeshwa na Charles Worrod. Miriam Makeba akauchukua. Mwaka 1965 aliuimba pamoja na Harry Belafonte katika albamu yao ya pamoja, na mwaka uliofuata albamu hiyo ikapata tuzo ya Grammy. Boney M wakaurudia mwaka 1981, Angélique Kidjo mwaka 1991, na kati yao wapo wengine wengi.

Nani aliutunga? Fadhili alisema ni wake. Mtanzania Adam Salim alidai ni wake. Mjadala huo umeendelea hadi leo, na ni mfano halisi wa kinachotokea kumbukumbu zisipoandikwa mapema. Daftari moja la studio, barua moja yenye tarehe, mkanda mmoja wenye maandishi ya kalamu kwenye boksi, vingetosha kusema neno la mwisho. Kwa mtafutaji wa muziki wa kale, boksi la mkanda lina thamani sawa na mkanda wenyewe. Aliyepiga gitaa, tarehe, mji, hata bei ya nauli iliyoandikwa pembeni: hivyo ndivyo vinavyogeuza wimbo kuwa ushahidi.

Wimbo wetu uliopanda juu zaidi Uingereza

Ni "Helule Helule" wa Daudi Kabaka. Mwaka 1968 bendi ya Uingereza iitwayo The Tremeloes iliurekodi upya, ukafika nambari 14 katika orodha ya nyimbo zilizouzwa zaidi nchini humo. Fikiria: wakati bendi za Nairobi zikiiga twisti na roki za ng'ambo, vijana wa ng'ambo walikuwa wakiiga Nairobi.

Kabaka alikuwa katika kundi la wanamuziki wa Equator pamoja na Fadhili William na Wazambia wawili, Nashil Pichen na Peter Tsotsi. Gitaa zao za umeme, mdundo wa twisti na maneno ya Kiswahili ndiyo sauti ambayo wazazi wetu walichezea Nairobi ilipokuwa changa katika Uhuru. Mwaka 2001 uliwachukua wote wawili, Fadhili na Kabaka. Fundi Konde, mkongwe wao aliyeanza kabla yao, alikuwa amefariki mwaka mmoja nyuma. Katika muda wa miezi isiyofika ishirini na minne, Kenya ikapoteza watu watatu waliokuwa na majibu ya maswali yetu mengi.

Santuri zao bado zinapatikana. Katika Soko la Kenyatta jijini Nairobi, na katika duka kongwe la Melodica kwenye Barabara ya Tom Mboya, unaweza kuzishika mkononi. Sahani ya inchi 7 ina tundu katikati na lebo ya karatasi iliyofifia. Ukiiinamisha kwenye mwanga unaona mikwaruzo ya sindano za nyumba nzima. Weka sindano, na kabla ya gitaa kuingia utasikia kwanza mchakacho wa vumbi. Wapo wanaosafisha sauti hiyo kwa kompyuta hadi iwe safi. Wengine, nami ni mmojawao, hupenda kuiacha kidogo.

Gitaa kavu lililosafiri mbali zaidi

Mwaka 1952 Hugh Tracey alimkuta Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, Kongo, akarekodi kipande cha gitaa kilichoitwa "Masanga". Vidole viwili vya Mwenda vilifanya kazi ambayo wengine walidhani inahitaji watu wawili. Baadaye alikuja Nairobi, akatumbuiza redioni na kuwafunza wengi kwa kusikilizwa tu. Wapiga gitaa wa Magharibi mwa Kenya walimsikiliza kwa makini sana.

Mwaka 1969 Mwenda alialikwa kwenye tamasha la Newport, Marekani, jukwaa lilelile ambalo Bob Dylan alilitikisa kwa gitaa la umeme miaka minne nyuma. Kutoka mtaa wa mji wa machimbo Katanga hadi Newport, akiimba kwa Kiswahili cha kwao. Miongoni mwa rekodi za miaka ya 60 za wazungumzaji wa Kiswahili popote walipo, hii inastahili kutajwa mara nyingi kuliko inavyotajwa.

Sauti ya kwanza jukwaani ya mtoto wa Unguja

Farrokh Bulsara alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946. Familia yake iliondoka baada ya Mapinduzi ya 1964 na kuhamia Uingereza. Dunia ilimjua baadaye kwa jina la Freddie Mercury, na tangu 2019 kuna makumbusho yake Shangani, Mji Mkongwe. Lakini kabla ya Queen kulikuwa na Ibex, bendi ndogo aliyojiunga nayo kiangazi cha 1969.

Tarehe 9 Septemba 1969, siku nne baada ya kutimiza miaka 23, aliimba na Ibex katika klabu ya Sink jijini Liverpool. Mtu wa karibu na bendi alikuwa na mashine ya kurekodi. Mkanda wake ndio rekodi ya kwanza kabisa inayojulikana ya Freddie akiimba jukwaani. Brian May na Roger Taylor, ambao baadaye wangekuwa wenzake katika Queen, walikuwepo usiku huo. Mwaka 2000 wimbo mmoja kutoka mkanda huo ulitolewa rasmi katika mkusanyo wa kazi zake.

Klabu ilikuwa ndogo na mwimbaji hajulikani. Hakuna kampuni ambayo ingepeleka mtu kurekodi. Rafiki alirekodi kwa kuwa alikuwepo na alipenda, na kwa sababu hiyo tunaisikia sauti ya kijana wa Unguja ikijitafuta.

Iliyopatikana mbali na ilikotoka

Rekodi hii si ya muziki, lakini kila mwindaji wa muziki anaijua kwa moyo. Miaka ya 60 BBC iliuza vipindi vyake kwa vituo vya televisheni vya nchi nyingi, Kenya ikiwemo, katika filamu za milimita 16. Kituo kikimaliza kuonyesha kilitakiwa kurudisha, kupeleka kituo kingine au kuteketeza. London ikafuta mikanda yake. Nakala za ugenini zikawa ndizo pekee.

Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba mtafiti Philip Morris amepata vipindi tisa vya mchezo wa Doctor Who vya 1967 na 1968, vilivyokuwa vimepotea Uingereza, katika kituo cha televisheni mjini Jos, Nigeria. Filamu zilikuwa rafuni, katika makopo yake.

Tangu siku hiyo mashabiki wa muziki wanauliza swali la haki: kama Jos ilihifadhi walichokifuta London, nini kingine kiko kwenye rafu za Afrika? Vipindi vya muziki navyo viliuzwa. Na zaidi ya vyao, viko wapi vyetu?

Pengo kubwa kuliko yote

Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, na kituo cha kwanza cha kurusha matangazo kilikuwa Limuru, kikifika umbali wa karibu kilomita 24. Kitengela ilikuwa nje ya mduara huo, na mji wa Kajiado ulikuwa mbali zaidi. Uganda ilifuata mwaka 1963. Zanzibar ilipata televisheni miaka ya 70, na ikaanza kwa rangi, mbele ya karibu Afrika yote. Lakini Tanzania Bara ilikaa bila televisheni hadi mwaka 1994.

Maana yake ni nzito. Katika miaka ya dhahabu ya NUTA Jazz, Western Jazz, Dar es Salaam Jazz na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, aliyefariki mwaka 1965, Bara hapakuwa na kituo cha televisheni cha kuwapiga picha. Bendi hizo zilikuwa zikijaza kumbi kila wiki. Tunazo sauti, kwa sababu Radio Tanzania Dar es Salaam iliwaita studioni na kuwarekodi kwenye mikanda mikubwa, maelfu kwa maelfu, na hazina hiyo sasa iko chini ya TBC. Lakini jinsi walivyosimama, walivyovaa, jinsi ukumbi ulivyotikisika, kwa hayo tunategemea picha mnato na kumbukumbu za wazee.

Hata hivyo, pengo hili lina mlango mdogo. Mahali pasipo na televisheni palikuwa na watu wenye kamera zao: madaktari, wamisionari, wahandisi, wafanyabiashara wa Kihindi waliopiga picha za harusi. Kama bendi ilitumbuiza kwenye harusi hiyo, bendi imo ndani ya filamu. Mwenye filamu anaiita "harusi ya shangazi". Mtafutaji akiiona ataiita kwa jina lingine.

Kajiado: picha nyingi zaidi, nyimbo chache zaidi

Tukirudi nyumbani, kaunti yetu ina rekodi zake. Mwaka 1951 filamu ya Waingereza "Where No Vultures Fly", iliyopigwa Amboseli, ilionyeshwa mbele ya familia ya kifalme London. Ziwa Magadi limo katika "The Constant Gardener" ya 2005. Na Amboseli ndipo unapoendeshwa utafiti wa tembo wa mwituni uliodumu kuliko wowote duniani, ulioanzishwa na Cynthia Moss mwaka 1972. Tembo wa huko wana majina, wana ukoo, wana mafaili. Echo, mama wa ukoo mmoja, alifuatwa na kamera kwa miaka hadi alipofariki mwaka 2009, na dunia ikamwombolezea.

Nafurahia kila dakika ya filamu hizo. Lakini ninapoziangalia najiuliza kuhusu waimbaji. Miaka ya 60, katika uwanda huohuo, olaranyani alikuwa akiongoza wimbo huku morani wakiitikia kwa vifua, na akina mama wakiimba nyimbo za kubariki kwenye sherehe ya eunoto. Olaranyani alikuwa na nyimbo zake mwenyewe, alizotunga kwa matukio ya mwaka wake: ukame mkubwa wa 1961, mafuriko yaliyoufuata, Uhuru. Tunajua jina la tembo wa uwanda huo. Tulijue na la aliyeimba.

Kamera zilikuja Kajiado zikitafuta wanyama na mandhari, na mara nyingi wimbo ulibaki kuwa sauti ya nyuma bila jina la mwenyewe. Kwa hiyo kazi ya shabiki wa Kajiado ina pande mbili. Upande mmoja ni kutafuta filamu za zamani zilizopigwa hapa na kuwaita wazee wazitazame, wataje nani ni nani na wimbo gani unaimbwa. Upande wa pili ni kurekodi sasa, kwa simu tu, waliokuwa morani miaka ya 60. Sasa ni wazee wa miaka 70 na zaidi, na bado wanaikumbuka mistari.

Rekodi isiyo na mwenyewe bado

Imebaki rekodi moja: filamu ya zamani zaidi ya onyesho la muziki katika Kajiado. Haijatangazwa na mtu. Inaweza kuwa kwenye nyumba yoyote kati ya Kitengela, Isinya, Ngong, Magadi na Loitokitok. Kama una sanduku la wazee wako, haya ndiyo ya kufanya.

Kwanza, litoe chini ya mabati. Joto la dari isiyo na kizuizi huua filamu na mikanda upesi kuliko miaka. Liweke mahali pakavu na penye baridi zaidi ndani ya nyumba, mbali na jua na vumbi letu la Kitengela.

Pili, fungua kopo na unuse. Filamu nyingi za zamani zikianza kuharibika hutoa harufu kali ya siki. Ukiisikia, itenge na nyingine, maana uharibifu huo huambukiza, na tafuta msaada mara moja. Isipokuwa na harufu, bado usiipitishe kwenye projekta ya zamani. Filamu iliyokauka hukatika kwenye meno ya mashine.

Tatu, mikanda ya sauti iweke mbali na spika kubwa na sumaku. Santuri zisimamishe wima, usizilaze moja juu ya nyingine.

Nne, piga picha kwa simu ya kila lebo, kila boksi, kila maandishi, hata yasiyosomeka. Kisha kaa na mzee wako, umwonyeshe na umuulize: ni wapi, ni nani, ni mwaka gani, nani alipiga picha. Rekodi majibu yake. Hilo usilicheleweshe, kwa sababu filamu inaweza kungoja miaka michache na mzee hawezi.

Tano, usitoe nakala asilia mikononi mwako bila maandishi. Ketebul Music wamefanya kazi ya kukusanya na kuhifadhi muziki wa Kenya kwa miaka mingi, na Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, kwenye Barabara ya Moi jijini Nairobi, ipo tangu 1965 kwa kazi hiyohiyo. Waulize, elewana nao, baki na nakala. Ukumbuke pia kwamba kuwa na mkanda si kuumiliki wimbo. Kisa cha "Malaika" kinatosha kutufunza kuandika jina la mtunzi kabla ya kitu kingine chochote.

Sekunde 11 zilitosha kurudisha sehemu ya onyesho lililofutwa na shirika kubwa kuliko yote ya utangazaji nchini mwake. Aliyezipiga alikuwa nyumbani tu, na kamera yake. Kajiado ina watu zaidi ya milioni moja, na masanduku yasiyohesabika. Kila anayefungua moja kwa uangalifu, akaandika anachokiona na kumwambia mwenzake, anafanya kazi ileile iliyofanywa Liverpool, Jos na Kapkatet, na ana haki sawa ya kuvunja rekodi.